Mchunga Bata wa Urusi katika Mpunga wa Mikelenge

Nina ugomvi wa miaka mingi na waandishi fulani wa Urusi wa karne ya kumi na tisa, na wanafunzi wangu wanaujua. Kila mwaka tukifika kwenye somo hilo, kuna mmoja anayeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Hao ni wale waandishi waliotoka mjini na viatu vyao vizuri wakaenda kukaa vijijini, wakala mkate mweusi wa wakulima, wakalala juu ya mabenchi yao, kisha wakaandika waliyoyaona. Walikuwa na moyo mwema, sikatai. Waliwapenda wakulima kuliko wakulima walivyojipenda wenyewe. Lakini mtoto wa mkulima akiingia tu katika kurasa zao, ujue hafiki mbali. Atapata homa, theluji itaanguka, na kabla ya majira kubadilika atakuwa amezikwa. Walitaka wasomaji wa mjini walie, na wasomaji walilia kweli. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mabwana hawa waliua watoto wengi mno kwa kalamu.

Wanafunzi huniuliza kwa nini niwe na hasira hivyo na watu waliokufa zamani. Wengine wamefika darasani wakiwa watatu juu ya pikipiki moja, viatu mkononi kwa ajili ya matope ya mtaa wetu wa Kasuku hapa Kindu, na hawana muda wa hasira za karne nyingine. Nawajibu kwamba mmoja wa watoto hao nilimfahamu. Wanadhani natania.

Nilimfahamu wakati wa vita. Sisi ni watu wa reli. Baba alitoka Kasai, mama alizaliwa Lubumbashi, na kilichowakutanisha na Kindu ni treni. Vita vilipokata njia, treni haikuja tena, chumvi ikaadimika, na mshahara wa baba ukawa jambo la kukumbukwa. Hata hivyo baba aliendelea kuvaa koti lake la kazi kila asubuhi na kwenda stesheni. Alifagia jukwaa, akatazama upande wa Kibombo, ambako treni ilizoea kutokea, kisha akarudi nyumbani jua likiwa kichwani. Mama alipomuuliza anakwenda kupokea nini, alisema treni ikifika na kukosa mtu wa kuipokea itakuwa aibu kwa Kindu nzima. Aliyasema hayo bila kucheka, na mama akaacha kumuuliza.

Kwa hiyo aliyekwenda kulima ni mama. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, shule ilikuwa imefungwa, na jembe alilijua kwa jina tu. Huko pembezoni mwa mtaa wa Mikelenge alikuwako mwanamke mzee, mkulima aliyetoka Pangi, ambaye sote tulimwita koko, kama tunavyowaita mabibi wote huku kwetu. Koko alipomwona mama akipiga jembe kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akakaa chini. Akampa hata hivyo kipande cha ardhi kando ya shamba lake, akampa na mbegu ya mpunga, kisha akatupatia kazi aliyoona inawafaa watu wa reli: kuamia ndege.

Asiyelima mpunga hajui shida hii. Punje zikianza kujaa maziwa, vindege vidogo hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mlinzi huisha kabla mwenyewe hajamaliza kunywa uji. Basi hujengwa ulingo, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, na watoto hukaa juu yake kutwa nzima wakipiga makopo, wakipiga kelele, wakirusha mabonge ya udongo. Nilikuwa pale na wadogo zangu wawili, pamoja na watoto wa mashamba ya jirani. Ni kazi tamu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kupiga kelele kutwa nzima na kusifiwa kwa hilo, mtoto atake nini zaidi?

Mama alikaa nasi juu ya ulingo kwa sababu aliogopa Kifaransa chetu kingeoza. Vitabu vyake vingine vilikuwa vimeishia sokoni kufungia karanga. Kilibaki kimoja, ambacho karatasi yake ilikuwa nzito mno hata haikukunjika vizuri, nacho kilikuwa kitabu cha hadithi za wakulima wa Urusi kilichotafsiriwa kwa Kifaransa. Alitusomea ukurasa kwa Kifaransa, na kwa kuwa watoto wa jirani walitukodolea macho, akaueleza tena kwa Kiswahili. Siku chache baadaye wanawake waliokuwa wakipalilia karibu walianza kusogea. Koko alisogea kuliko wote. Alileta kigoda chake, akakiweka chini kabisa ya ulingo.

Sasa, kuna jambo ambalo mama hakulijua, kwa kuwa alikulia katika kambi ya wafanyakazi ya Lubumbashi ambako kila mtu hufanya lake. Kwa watu wa koko, hadithi husimuliwa jua likishazama. Sungura, chui, binti aliyekataa waume, wote hao ni wa jioni. Anayesimulia hadithi mchana, watoto waliambiwa, ataota pembe. Mchana ni wa habari: nani amezaa, nani amefiwa, njia ipi ina askari. Basi mwanamke mtu mzima, mwalimu, aketi juu ya ulingo jua likiwaka, akiwa na karatasi mkononi, azungumze juu ya mtoto anayeumwa katika kijiji fulani. Nani angefikiri ni hadithi? Zilikuwa habari, tena habari zilizoandikwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa mchunga bata. Aliwachunga bata wa tajiri wa kijiji chake, jambo lililotufurahisha sana, kwa kuwa sisi tuliwafukuza ndege na mwenzetu alilipwa kuwakusanya. Wasikilizaji walimpokea mara moja. Walichoshindwa kukipokea ni nchi yake. Mama alisema kule mvua huwa nyeupe, huanguka polepole na kukaa chini bila kuondoka.

"Inakaa mpaka jioni?" aliuliza koko.

"Inakaa miezi, koko. Nusu ya mwaka."

"Sasa wanalima saa gani?"

"Wanangoja."

"Na majani?"

"Yanakufa yote."

Koko alifikiri. "Yote? Basi sombe wanatoa wapi?"

Mama alikiri kwamba kule hakuna sombe, hayo majani ya muhogo tunayokula kila siku. Watu walimtazama mama kuona kama amekosea.

"Njo maana mutoto anagonjwa," alisema koko, yaani ndiyo maana mtoto anaumwa.

Mama aliposema kwamba mto wa kule huwa mgumu mpaka watu huvuka juu yake kwa miguu, ubishi ulizuka ambao uliwapa ndege nafasi nzuri. Mwanamke mmoja mwenye mashemeji wavuvi huko Lokandu aliuliza samaki wanakwenda wapi. Mama akasema wako chini, hai. Yule mwanamke akawahurumia samaki. Na siku tuliposikia kwamba wakulima hao hulala juu ya jiko lao la udongo, sisi watoto tulianguka kwa kicheko. Kwa wiki nzima tukawa tunaoneshana namna ya kulala juu ya mafiga.

Basi mchunga bata akatumwa kuvuka ule mto mgumu, ukapasuka, akatota miguu, akashikwa na homa. Tangu siku hiyo koko hakuanza kazi kabla ya kuuliza. Alikuja na jembe begani, akasimama chini ya ulingo, akasema, "Mama mwalimu, ule mutoto ameamuka namna gani?"

"Iko na homa tu, koko."

"Amekula?"

"Kidogo."

Asubuhi moja alifika na kifurushi cha majani makavu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Alimpa mama kwa mikono miwili. "Kama iko muntu anakwenda njia ya kule, apeleke hii. Wachemushe, wamunywishe asubuhi na mangaribi."

Hapo ndipo mama alipoelewa. Nilimwona uso ukibadilika. Alianza kutabasamu, akaacha. "Koko," alisema, "haya mambo ninayosoma, hii ni kitabu."

"Ndiyo, ninaona. Hata Injili iko kitabu."

Koko akaweka jembe chini, akaketi kwenye kigoda chake, na akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu. Alikuwa na mwana mmoja, wa kiume, aliyekwenda Kabambare kuchimba madini kabla ya vita. Tangu risasi zilipoanza, njia ilikufa. Wengine walisema machimbo yale yalishambuliwa, wengine walisema wachimbaji walikimbilia msituni.

"Hata neno moja yake sijasikia," alisema. "Lakini habari ya mutoto wa kule kwenye mito migumu inanifikia kila siku. Kama hiyo inafika, ya mwanangu pia itafika. Na huyu akipona, wangu atarudi. Nimeshaweka hivyo ndani ya roho."

Alisimama, akachukua jembe, akaenda kulima. Mama alibaki na kifurushi cha majani mapajani. Alikuwa amekwisha kusoma kitabu chote zamani, na alijua mchunga bata anafia wapi.

Jioni ile nyumbani, mama alimweleza baba. Baba akasema jambo hili ni rahisi, amwambie mzee ukweli. Mama alimtazama baba na koti lake la kazi. "Wewe unayefagia jukwaa kila siku ndiye unayenifundisha ukweli?" Baba aliomba aongezewe sombe.

Kilichofuata kilinifurahisha ingawa sikukielewa vizuri. Kusoma kwa mama kukawa kwa polepole kupita kiasi. Ukurasa mmoja ulikula siku tatu nne. Alieleza mawingu ya Urusi, ng'ombe wa Urusi, kofia za manyoya, na nadhani vingine alivitunga. Siku askari walipopita njiani, tulishuka ulingoni tukalala kifudifudi katikati ya mpunga, mama akiwa amelalia kitabu, na walipokwisha kupita alisema kwamba leo amechoka, habari zitangoja kesho. Ndege walikula vizuri siku hiyo. Koko hakulalamika, ila alikonda. Alikuwa akisimama katikati ya kupalilia, akitazama njia ya Kabambare, kisha akitazama ulingo.

Lakini mpunga haungoji mtu. Ulikomaa, wanawake wakatoka na visu vyao vidogo kukata masuke, na baada ya mavuno ulingo ungebomolewa na kila mmoja kurudi kwake. Siku ya kwanza ya kukata, koko alimwambia mama, mbele ya wote, kwamba hataki kuingiza mpunga ndani ya nyumba bila kujua. "Leo unipe habari yote," alisema.

Mama alifungua ukurasa wa mwisho. Aliusoma kwa Kifaransa, sauti yake shwari kabisa, ile sauti ya imla. Shambani pale, wenye Kifaransa tulikuwa yeye na mimi tu; wadogo zangu walijua kusalimia na kuhesabu. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mshumaa, nilisikia mama yake mtoto, nilisikia namna mchunga bata alivyokata roho kabla ya kucha. Nikamtazama mama, nikingoja atakavyoyasema kwa Kiswahili.

Mama alifunga kitabu. "Asubuhi," alisema, "mutoto akafungua macho, akaomba uji."

Koko hakujongea. "Akaomba yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Akamaliza?"

"Akaomba mwingine."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifukuza ndege kuliko makopo yetu yote. Wanawake walimwinua koko na kigoda chake. Na koko, katika nyakati ambazo kuku alikuwa anafichwa kama mtu mkubwa, alichinja kuku wake wa mwisho, akapikwa kwa mawese, akaliwa pale pale shambani pamoja na wali mpya. Mama alinitazama mara moja tu, jicho ambalo mtoto yeyote wa mwalimu analifahamu. Siri nikaitunza. Isitoshe nilikuwa na paja la kuku mkononi, na nilikuwa sijaonja kuku tangu treni ya mwisho.

Uongo huo mama aliulea mpaka vita vikaisha, kwa sababu habari ikishaanza hudai mwendelezo. Kila tulipokutana na koko sokoni, aliuliza. Mchunga bata akaacha bata, akaingia shule. Akapata ndama. Akagombana na mwalimu, jambo ambalo koko hakulipenda, na wiki iliyofuata ikabidi mama awapatanishe. Baba, ambaye alikuwa anasema ukweli ni rahisi, alianza kutoa mawazo yake wakati wa chakula: mpelekeni huyo kijana reli.

Nilipokuja kuwa mwanafunzi wa chuo, na baadaye mwalimu wa wanafunzi wengine, nilisoma walivyojieleza waandishi wa aina ile. Nilicheka peke yangu maktabani. Walichotaka kuliko vyote ni kuaminiwa. Hawakupenda maandishi yao yaitwe hadithi. Walisema ni picha za maisha, ni taarifa kutoka kijijini. Mjini kwao watu walisoma, wakafuta machozi, wakaagiza chai. Aliyewaamini kabisa, kiasi cha kutuma dawa, ni mkulima mmoja wa Mikelenge asiyejua kusoma. Hawakupata kumjua, na naona hiyo ni hasara yao.

Lakini hayo ni ya baadaye: vita vilipoisha njia zilifunguka, na siku moja koko alisimama mlangoni kwetu Kasuku na kapu la mchele kichwani. Nyuma yake alikuwako mtu mzima mwembamba, mwenye ndevu, amebeba redio isiyo na betri. Alikuwa ametembea kutoka msitu wa Kabambare kwa miguu, akifanya vibarua vya shamba njiani. Koko aliweka kapu miguuni pa mama, akasema, "Uliniambia mutoto amepona. Tazama." Tulipiga kelele, tulicheka, baba alimpigia yule mtu saluti ya stesheni. Sijawahi kuona furaha ikijaa kwetu namna ile, hata siku treni yenyewe iliporudi.

Mama peke yake hakula. Mchele ule ulimkaa machoni siku kadhaa. Hatimaye akafunga kitambaa chake kizuri, akanichukua kama shahidi, tukaenda Mikelenge asubuhi. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na niliogopa kwa ajili yake, kwa sababu rafiki aliyempata kwenye vita alikuwa huyo mmoja.

Koko alikuwa uani akipepeta mchele. Mwanawe alikuwa nyuma ya nyumba anakula, tulisikia kijiko. Mama alikataa kiti. "Koko," alisema, "nilikudanganya. Ule mutoto wa Urusi hakupona. Alikufa usiku ule. Nilisoma, nikaona, nikakuficha."

Ungo ulisimama mikononi mwa koko. Mama aliharakisha kusema kwamba pengine mtoto huyo hakuwako hata kidogo, kwamba mwandishi wake labda alimtunga.

"Ulimusoma mchana," alisema koko. Kwake hilo lilikuwa limekwisha. Aliweka ungo chini. "Walimulilia?"

"Mama yake. Na yule mwenye kuandika. Kulikuwa baridi, watu hawakutoka nyumbani."

"Tu hao?"

"Tu hao, koko."

Nilingoja akasirike. Alikuwa na haki. Badala yake alimshika mama mkono, akauweka juu ya goti lake.

"Ungenipa habari hiyo siku ile, ningelala chini nisiamuke tena. Ulifanya vizuri. Lakini mutoto hawezi kufa hivi, bila watu. Siku ile sikuwa na nguvu ya kumulilia. Leo niko nayo."

Akafungua kitambaa chake kichwani, akatandika mkeka uani, akaketi juu yake na miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyoketi wafiwa. Akaita majirani kwa sauti ya msiba. Walikuja mmoja mmoja na majembe yao, wakayalaza ukutani. Kadhaa walikuwa wale wale wa chini ya ulingo, na walipoambiwa ni nani walishika midomo, wakaketi. Mama naye alifungua kitambaa chake kizuri. Alilia kuliko wote, na koko ndiye aliyekuwa anampapasa mgongoni.

Mwana wa koko alitoka nyuma ya nyumba na sahani yake, mdomo ungali umejaa. Aliwaona watu wote wale. "Mama, nani amekufa?"

"Ikala chini," alisema koko, akimpisha kwenye mkeka. "Njo mudogo yako."

Alimtazama mama yake, akatutazama sisi. Kisha akaweka sahani chini, akaketi.